SARATANI YA UTUMBO MPANA: TUSIFICHE DAMU

Leo tunajifunza ugonjwa ambao wengi wetu tunaona haya kuutaja.

Utumbo mpana ni nini?
Ni sehemu ya mwisho ya utumbo. Urefu wake ni kama mita 1 na nusu. Humo maji hufyonzwa, na mabaki ya chakula huwa kinyesi.

Ugonjwa huanzaje?
Mara nyingi huanza na kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo. Hakiumi. Huweza kukaa miaka 10 kabla ya kugeuka saratani. Huu si uchawi, wala hauambukizi. Walio hatarini zaidi ni wenye miaka 50 na kuendelea, na wale ambao mzazi au ndugu yao aliugua. Lakini hata vijana huugua. Tumbaku, pombe, unene na kula nyama nyekundu kwa wingi huongeza hatari.

Dalili zake
1. Damu katika choo.
2. Kuharisha au kufunga choo kwa majuma kadhaa.
3. Tumbo kuuma mara kwa mara.
4. Kukonda, kuchoka na kupungukiwa damu.

Wengine wakiona damu husema, "Aa, bawasiri tu hiyo!" Kweli, bawasiri na kichocho cha tumbo huleta damu pia. Lakini kwa macho hatuwezi kujua. Daktari huchungulia utumbo kwa mpira mwembamba wenye taa, akakata kipande kidogo kikapimwe.

Hatua za ugonjwa
Hatua ya 1: Saratani ingali ndani ya ukuta wa utumbo.
Hatua ya 2: Imepenya ukuta.
Hatua ya 3: Imefika kwenye tezi za karibu.
Hatua ya 4: Imekwenda mbali, kama kwenye ini au mapafu.

Huko Uingereza, wanaogunduliwa katika hatua ya 1, kama 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Katika hatua ya 4, ni kama 1 tu kati ya 10. Sisi wakulima tunajua: gugu changa hung'oka kwa mkono, likikomaa lataka jembe.

Basi, ukiona damu, nenda zahanati. Mweleze mganga bila kuficha. Haya haitibu ugonjwa.

Maswali ya kikundi
1. Taja dalili nne za ugonjwa huu.
2. Kwa nini tusiseme tu "ni bawasiri"?
3. Hapa kijijini, nini hutufanya tuchelewe kwenda zahanati?