Mchoraji Hucheza na Rangi

Je, mtu mzima anaweza kucheza? Wengi watasema, "Hapana. Michezo ni ya watoto." Katika somo hili tutasoma habari za mtu mzima aliyecheza na rangi, na mchezo huo ukawa kazi.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Aliondoka kwao kutafuta kazi. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam. Hakusoma katika chuo chochote cha uchoraji.

Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora picha. Alitumia vitu vya kawaida vya madukani: ubao mwembamba wa ujenzi, na rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli. Kwanza alipaka ubao rangi moja. Rangi ilipokauka, alichora juu yake chui, simba au ndege.

Katika picha zake, mara nyingi mnyama mmoja hujaza ubao mzima. Madoa ya chui hupangwa kama mapambo. Chui wa porini hayuko hivyo! Ni kama mchoraji alijiuliza, "Je, nikiyakuza madoa haya, itakuwaje?" Kisha akajaribu ili aone. Kujiuliza na kujaribu, huko ndiko kucheza kwa msanii.

Watu walizinunua picha hizo. Jamaa zake na vijana wengine walikuja kujifunza kwake. Tingatinga alifariki mwaka 1972, baada ya kuchora kwa miaka michache tu. Wanafunzi wake waliendelea, na hadi leo uchoraji wa namna hiyo huitwa tingatinga.

Ndugu msomaji, kumbuka siku uliyoshika kalamu mara ya kwanza. Pengine uliogopa kukosea na kuchekwa. Mfinyanzi, msuka mikeka na seremala nao huogopa kuharibu kazi. Basi tenga udongo kidogo, ukindu kidogo au kipande cha ubao cha kujaribia. Kikiharibika, hasara ni ndogo, nawe umejifunza. Kikipendeza, umepata kitu kipya. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Kujaribu nako si utoto.

Maswali

1. Tingatinga alitumia vifaa gani kuchora?
2. Kucheza kwa msanii ni kufanya nini?
3. Katika kazi yako, ni jambo gani hujawahi kulijaribu? Zungumza na wenzako darasani.