Kuunganisha Tiyo za Aina Mbili Ndani ya Regari
Mwongozo kwa wenye nyumba na mafundi wa mtaa wa Golf, Lubumbashi

Kwa nini inatuhusu
Nyumba nyingi za Golf humwaga majitaka kwenye fosi septiki, na familia nyingi huchota maji ya kisima au foraji karibu na hapo. Kiungo kinachovuja chini ya ardhi hupeleka uchafu wa choo kwenye maji ya kunywa, hasa wakati wa mvua. Kipindupindu huenea hivyo.

Penye udhaifu
Regari ni shimo la kukagulia tiyo za majitaka. Tiyo ikiingia humo sentimita 60 au zaidi juu ya sakafu, majitaka yateremshwe kwa tiyo ya wima. Yakiachwa kuanguka, hurusha uchafu na kutoa gesi ambayo vijidudu huigeuza kuwa asidi inayokula saruji.

Ndani ya regari ndipo pia PVC mpya hukutana na tiyo kuukuu ya saruji au chuma, na wengi huziba kwa saruji tupu. Saruji haishiki PVC laini, na joto hutanua PVC mara kadhaa zaidi ya saruji. Ufa hauchelewi.

Namna ya kufanya
1. Pima kipenyo cha nje cha kila tiyo. Mbili zinazoitwa za milimita 100 zaweza kutofautiana.
2. Tumia kiungo cha mpira chenye bangili za chuma kisichoshika kutu, kinachotoshea vipimo vyote viwili. Gundi ya PVC haishiki chuma wala saruji.
3. Sawazisha sakafu za ndani za tiyo, uchafu usinase.
4. Tiyo inapopenya ukuta, vika pete ya mpira. Ikikosekana, paka PVC gundi yake, nyunyizia mchanga safi, iache ikauke, ndipo uzibe kwa saruji.
5. Juu ya tiyo ya wima weka kiungo cha T, mdomo mmoja ubaki wa kuzibulia. Chini weka kona pana. Ifunge ukutani kwa vishikizo imara.

Kabla ya kufukia
Ziba mwisho wa chini, jaza maji, subiri nusu saa. Yakipungua, tafuta kiungo kinachovuja na ukirekebishe.

Hatari
Usiingie kamwe regari inayotumika ukiwa peke yako. Gesi yake huua kwa dakika chache, na anayemfuata mwenzake kumwokoa huanguka pia. Mwenzako akizimia, usishuke, ita msaada.

Mwenye nyumba, shuhudia jaribio la maji kabla ya kumlipa fundi. Fundi, lidai wewe mwenyewe: kazi yako inalinda visima vya majirani wote.