Pikipiki Izimikayo Isimamapo

Pikipiki izimikayo njia panda yaweza kumponza mwenyewe na abiria wake. Wengi hukimbilia skrubu za kabureta; lakini sivyo. Kwanza tazama chujio la hewa, plagi, na mpira uunganishao kabureta na injini. Maana hewa ikipenya penye ufa, hakuna skrubu itakayoponya. Tena tundu dogo la petroli likizibwa na taka, lisafishwe.

Skrubu ni mbili: moja ya mwendo, ya pili ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Injini ikiwa imezimwa, zungusha hii ya pili ndani polepole hata ikome, ukihesabu mizunguko. Usiikaze, ncha yake isije ikaharibika. Kisha irudishe kwa hesabu ile ile.

Sasa washa injini uwanjani, kwa kuwa moshi wake ndani ya nyumba huua. Ikiisha kupata moto, geuza skrubu hiyo robo robo ya mzunguko, huku na huku, ukisikiliza. Pale injini iendapo upesi na sawasawa, iache. Mwisho punguza mwendo kwa skrubu ya kwanza.

Basi, sikio litangulie, bisibisi ifuate.