Samaki Aliyedhaniwa Kutoweka

Nilipokuwa mtoto kando ya Ziwa Viktoria, babu yangu alinionyesha kamongo aliyevuliwa alfajiri. Jua lilikwisha kupanda, naye angali akivuta pumzi ndani ya kapu. Nikauliza, samaki gani huyu asiyekufa nchi kavu? Babu akanijibu kwamba ana mapafu, kama mimi. Waganda humwita mmamba (wenzetu wa pwani wasikimbie, si yule mwenye meno), na watu wa ukoo wa Mmamba hawamli. Leo nataka kuwasimulia habari za jamaa yake wa mbali akaaye baharini, aitwaye silikanti.

Wataalamu walimjua silikanti kwa mifupa tu, tena mifupa iliyogeuka mawe. Mengine ni ya miaka milioni 400 iliyopita, lakini katika mawe ya miaka milioni 66 ya karibuni hakuonekana. Wakakata shauri kwamba alikufa akaisha pamoja na mijusi wakubwa wa kale.

Basi tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi ya nahodha Hendrik Goosen ilirudi bandari ya East London, Afrika ya Kusini. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa jumba la makumbusho la mji ule, akaitwa aje kutazama samaki. Chini ya lundo akaona pezi la buluu. Alipoyaondoa yaliyolifunika, akakuta samaki wa urefu wa mita 1.5 na uzito wa kilo 57, mapezi yake yameota juu ya vikono vya nyama. Dereva wa teksi kwanza alikataa kumpakia. Huko mjini nako, wenye chumba cha barafu wakamkataa, na wenye chumba cha maiti vilevile! Kwa joto la Desemba samaki akaanza kuoza, na matumbo yake yakatupwa. Bibi huyo akachora picha, akaipeleka kwa Bwana J. L. B. Smith, mwalimu wa kemia aliyejifunza habari za samaki kwa mapenzi yake. Barua ikamfikia tarehe 3 Januari 1939, maana alikuwa likizoni. Yeye ndiye aliyempa samaki jina la kitaalamu, Latimeria chalumnae, kwa heshima ya bibi yule na ya mto Chalumna, ambao karibu na mlango wake samaki alinaswa.

Lakini bila matumbo elimu ilikuwa nusu. Smith akamtafuta wa pili kwa miaka 14, akatangaza zawadi ya pauni 100. Desemba 1952, katika kisiwa cha Nzwani, Komoro, mvuvi Ahamadi Abdallah alimpata kwa mshipi. Alikuwa karibu kukatwa vipande sokoni, ndipo mwalimu mmoja wa shule akakumbuka picha ya tangazo. Smith alikwenda kumchukua kwa ndege ya jeshi, na alipomwona akatokwa na machozi.

Wavuvi wa Komoro hawakulia. Walimjua siku zote, wakamwita gombesa, wala hawakumpenda kwa kuwa nyama yake ina mafuta mabaya. Mimi nasoma vitabuni kuwa samaki huyu “aligunduliwa”, nami hujiuliza kama kuna aliyekwenda kuwauliza wavuvi mapema.

Mwaka 1987 Hans Fricke alishuka na chombo cha kuzamia akawaona wakiwa hai. Mchana hukaa mapangoni, gizani, kina cha mita 150 au zaidi. Waogeleapo, pezi la kulia la mbele huenda pamoja na la kushoto la nyuma, kama miguu ya mbuzi atembeaye. Hawatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai. Tena mwaka 2013 wataalamu walipozisoma jeni zake waliona kwamba kamongo wetu yu karibu zaidi nasi wanadamu kuliko yeye.

Tangu 2003 silikanti wamenaswa Tanzania pia, na wengi ni wa Tanga, katika nyavu za jarife zitegewazo papa. Mwaka 2021 watafiti waliohesabu pete za magamba yake walikadiria kwamba hubeba mimba miaka 5, na jike hazai mpaka apate kama miaka 55. Jike anaswaye leo kabla hajazaa hata mara moja huenda ana umri wa mama yangu.