Namba zinawaka, friji halipoozi: kagua haya kabla hujanunua kadi mpya



Leo tuongelee friji, hasa haya ya kisasa yenye paneli mlangoni, yaani pale pa kubonyeza penye namba na taa. Wengi wetu tunauza vya baridi nyumbani au kwenye fremu: maji, soda, juisi ya ubuyu, mtindi, barafu. Friji likizingua siku mbili tu, faida ya mwezi imeondoka. Na hapo ndipo watu wanapopigwa, maana neno la kwanza unaloambiwa ni "kadi imekufa". Kadi ndiyo bodi inayoamua kompresa iwake saa ngapi na izime saa ngapi. Ni kweli huwa inakufa, lakini ni kitu cha gharama, na paneli inaweza kusumbua kwa sababu ndogo kabisa huku kadi ikiwa nzima.

Mimi sina cheti cha ufundi. Nilimaliza kidato cha nne nikaingia dukani, haya nimejifunza kwa kuuliza mafundi na kushika mwenyewe. Utaratibu wangu ni mmoja: anza na cha bure, malizia na cha gharama.

KABLA YA YOTE, OKOA MZIGO
Usifungue fungue mlango. Friji lililofungwa linatunza ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa ni kama siku 2, ikiwa nusu ni siku 1. Nyama, samaki na maziwa hamishia kwa jirani mapema. Vikishapata joto muda mrefu usimuuzie mteja, mteja akiumwa tumbo harudi.

1. UMEME
Chomoa friji, chomeka kitu kingine kwenye soketi ile ile uone kama kinawaka. Kisha toa ekstensheni, chomeka friji ukutani moja kwa moja. Umeme wetu wa kawaida ni volti 230. Ukishuka sana, namba zitawaka kwa sababu paneli inakula umeme kidogo, lakini kompresa itashindwa kuwaka. Kama una friji gadi, kumbuka umeme ukirudi huwa inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuupitisha. Usiseme limekufa, kumbe linasubiri.

2. KUFULI
Paneli haisikii kidole? Ifute kwa kitambaa kikavu, maji na mafuta vinaichanganya. Kisha tafuta alama ya kufuli, shikilia sekunde 3 hadi 5. Pia kuna friji zenye hali ya maonyesho, ile ya kuwekea dukani zinakouzwa: taa zote zinawaka ila ubaridi hakuna. Mtoto akichezea vitufe linaweza kuingia humo. Namna ya kulitoa imeandikwa kwenye kitabu chake, ndiyo maana kile kitabu hakitupwi.

3. LIPUMZISHE
Kama paneli inaonyesha herufi na namba usizozielewa, piga picha kwanza. Hiyo ndiyo lugha ya friji kusema linaumwa wapi. Halafu chomoa, kaa dakika 10, chomeka tena. Umeme unapokatika na kurudi kwa fujo, kadi inaweza kuganda kama simu inavyoganda. Ukishachomeka, tulia. Kompresa inaweza kuchukua dakika 5 au zaidi kuwaka. Usichomoe na kuchomeka papo kwa papo, presha ya gesi inatakiwa kutulia kwanza, la sivyo unaiumiza kompresa.

4. WAYA ZA MLANGONI
Hapa wenye biashara tusikilize vizuri. Friji la nyumbani linafunguliwa mara chache, letu ni kutwa nzima. Waya za paneli ya mlangoni kwa kawaida zinapita kwenye bawaba, na kila ukifungua zinajikunja. Fungua mlango taratibu huku unaangalia taa. Zikicheza cheza au kuzima mlango ukifika sehemu fulani, shida ni waya au kiunganishi chake. Jirani yangu alishaambiwa aandae laki na nusu ya kadi. Tulipojaribu hivi taa zikazima mlango ukiwa nusu. Friji likachomolewa, kifuniko cha bawaba kikafunguliwa, waya mmoja ulikuwa umekatika. Ukaungwa na kuzungushiwa vizuri, friji likarudi kazini.

5. SENSA
Namba unayoiona kwenye paneli nyingi ni ile uliyoiomba, sio ubaridi wenyewe. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, acha usiku kucha. Kinatakiwa kusoma kama 4, kisizidi 5. Kikisoma tofauti sana, na mpira wa mlango unabana vizuri, sensa inaweza kuwa inaidanganya kadi. Mwenye multimita anaweza kuipima ikiwa imechomolewa kwenye kadi: iloweke kwenye maji ya barafu, kwenye friji nyingi ukinzani unapanda, ishike kiganjani, unashuka. Isipobadilika kabisa, imekufa. Sensa kwa kawaida ni bei ndogo kuliko kadi.

6. SASA NDIO KADI
Chomoa friji kabisa, subiri dakika 10. Hata likiwa limechomolewa, kapasita za kadi zinaweza kubaki na umeme wa kukurusha, kwa hiyo angalia kwa macho na tochi, usiguse. Tafuta fyuzi iliyoungua, kapasita iliyovimba kichwani, alama nyeusi, kutu, mende au mjusi aliyekaukia humo. Ukiona hivyo, kazi yako imeishia hapo, mpe fundi. Na usome kibandiko cha friji: kikiwa na R600a, gesi hiyo inashika moto, asije mtu na kiberiti au moto wa kuchomelea bila kujua anachofanya.

UKIMWITA FUNDI
Mwonyeshe picha ya herufi zile, mwambie ulichokagua, na mwombe apime mbele yako kabla hajasema bei. Kadi ikibadilishwa, namba ya modeli ilingane, na ile ya zamani ubaki nayo wewe. Fundi mzuri hachukii maswali, na wewe unamlipa kwa kazi iliyohitajika kweli.

Hela ya kadi ni katoni nyingi za maji. Kagua kwanza, ndipo utoe mfukoni. Mtumie na mwenzako mwenye friji dukani.