Mafuta ya Nazi na Nywele: Yawezayo na Yasiyoweza

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya sekondari ya bweni katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Mazungumzo yalipokwisha, wanafunzi wawili walinifuata nje ya ukumbi, kila mmoja na swali lake.

Wa kwanza alikuwa msichana wa kidato cha tatu ambaye kwao ni Pwani. Alinionyesha chupa ya mafuta ya nazi aliyofungashiwa na bibi yake. Yalipotoka nyumbani yalikuwa yakimiminika kama maji. Sasa yalikuwa meupe na magumu kama mshumaa. Wenzake walimwambia kwamba bibi kauziwa mafuta yaliyoghushiwa, naye alitaka kujua kama ni kweli.

Wa pili alikuwa mvulana wa kidato cha kwanza. Alivua kofia yake kwa haya. Kichwani mwake mlikuwa na mabaka matatu ya mviringo yasiyo na nywele, yenye magamba ya kijivu, na moja lilikuwa limeanza kuvimba. Kwa muda wa miezi miwili alikuwa akijipaka mafuta ya nazi kila usiku, kwa kuwa aliambiwa kwamba mafuta hayo huotesha nywele. Lilianza baka moja. Sasa yalikuwa matatu, na jirani yake wa kitanda naye alikuwa ameanza kujikuna.

Swali la kwanza lilinifurahisha. La pili lilinitia wasiwasi. Hata hivyo yote mawili yana shina moja, nalo ni kutoelewa vema mafuta ni kitu gani na unywele ni kitu gani. Makala haya yanajaribu kueleza mambo hayo mawili, ili mwalimu wa kemia au wa elimuviumbe aweze kuyatumia darasani.

UNYWELE NI NINI?

Unywele una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mzizi, ambao umezama ndani ya ngozi katika mfuko mdogo uitwao kinyweleo. Hapo chini kabisa pana chembe hai zinazogawanyika kwa kasi, na ambazo hulishwa na damu. Chembe hizo zinaposukumwa juu na nyingine changa, hujaa protini iitwayo keratini, hukauka na kufa. Sehemu ya pili, yaani ule uzi tunaouona na kuuchana, imejengwa kwa chembe hizo zilizokufa. Ndiyo maana kinyozi anapoukata hatusikii maumivu.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele hukua kwa wastani wa karibu sentimita 1 kwa mwezi, na nywele za Waafrika hukua pungufu kidogo ya hapo. Baada ya kukua kwa muda wa miaka 2 hadi 6, unywele hupumzika, hung'oka, na mwingine huota mahali pake. Hivyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa.

Tukiutazama uzi wa unywele kwa hadubini, tutaona kwamba nje umefunikwa na magamba membamba yaliyopandana kama makuti ya paa. Ndani ya magamba hayo mna nyuzi za keratini, ambazo ndizo zinazoupa unywele nguvu zake. Kando ya kinyweleo pana tezi inayotoa mafuta ya asili. Katika unywele ulionyooka, mafuta hayo huteremka kwa urahisi mpaka nchani. Katika unywele uliojisokota, kama wa wengi wetu, njia ni ya mizunguko mingi, na mafuta hayafiki mbali. Kwa sababu hiyo nywele zetu hukauka upesi na kukatika penye mapindo. Desturi ya kupaka mafuta, basi, ina msingi.

MAFUTA YA NAZI NI KITU GANI?

Wasomaji wa Pwani wanajua jinsi yanavyopatikana. Nazi hukunwa kwa mbuzi, machicha hukamuliwa katika maji, na tui huachwa hadi zito lielee juu. Tui hilo huchemshwa. Madhali maji yamo, hujoto hauvuki sana nyuzi 100 za Sentigredi, na sufuria hupiga kelele. Kelele zikinyamaza, maji yamekwisha, na mafuta safi yamejitenga na masimbi. Anayeipua mapema huacha maji ndani ya mafuta, na maji hayo ndiyo yanayosaidia kuyavunda. Mama zetu wanaosubiri kelele zikome wanatumia kanuni ya kisayansi.

Kikemia, mafuta yote ya mimea ni muungano wa gliseroli na asidi za mafuta. Kila molekuli ya gliseroli hushika minyororo mitatu ya asidi hizo. Tofauti baina ya mafuta na mafuta hutokana na urefu wa minyororo na umbo lake. Katika mafuta ya nazi karibu nusu ya asidi zote ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12 tu, na takriban sehemu 9 kati ya 10 za asidi zake zimeshiba, maana yake hazina viungo maradufu baina ya kaboni. Katika mafuta ya alizeti minyororo iliyo mingi ina kaboni 18, na viungo maradufu huipinda kama kiwiko.

Minyororo iliyonyooka hupangika karibu karibu, kama kuni zilizonyooka katika mzigo. Iliyopinda haipangiki vizuri. Hiyo ndiyo sababu mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi, hali mafuta ya alizeti huendelea kumiminika. Dar es Salaam, ambako joto la mchana kwa kawaida huzidi kiwango hicho, mafuta ya nazi ni maji. Katika nyanda za juu asubuhi ya Julai ni jiwe. Bibi hakudanganywa. Nilimwambia yule msichana aiweke chupa juani kwa muda, na mafuta yakayeyuka mbele ya macho ya wenzake. Kuganda hakukuwa dalili ya kughushiwa.

KAZI YA MAFUTA KATIKA UNYWELE

Adui mkubwa wa unywele wa kila siku ni kulowa na kukauka mara kwa mara. Unywele ukilowa hufyonza maji na kunenepa kwa kiasi cha asilimia 15 hivi, ingawa urefu wake huongezeka kidogo sana. Magamba yake huinuka, na chanuo likipita huyavunja. Kidogo kidogo keratini hupotea, unywele hudhoofu, na hatimaye hukatika.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, yaani yatokanayo na petroli. Walipima kiasi cha protini kilichotoka katika nywele baada ya kuoshwa na kuchanwa. Mafuta ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu huo kwa kiasi cha kuonekana wazi, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Maelezo yao ni kwamba molekuli ya mafuta ya nazi ni ndogo na minyororo yake imenyooka, tena inapatana na protini. Kwa hiyo hupenya ndani ya unywele na kuzuia maji yasiingie kwa wingi. Molekuli ya alizeti ni pana mno, na mafuta ya madini, yasiyo na mvuto kwa protini, hubaki juu juu.

Hapa ningependa mwanafunzi ajifunze kusoma matokeo ya utafiti kwa makini. Kwanza, watafiti hao walikuwa waajiriwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi. Jambo hilo halibatilishi kazi yao, lakini linatutaka tutafute ushahidi wa wengine pia. Pili, nywele zilizotumika zilikuwa za Wahindi. Umbo la nywele zetu ni tofauti, na si haki kudhani kwamba vipimo vitakuwa vile vile. Tatu, na hili ndilo kubwa, walichopima ni ulinzi wa unywele uliokwisha kuota. Hawakupima uotaji.

YASIYOWEZEKANA

Uotaji wa nywele hufanyika ndani ya kinyweleo, kwenye chembe hai zinazolishwa na damu. Mafuta yanayopakwa juu huhudumia uzi uliokufa. Nywele zisizokatika huonekana kurefuka upesi zaidi, na hapo ndipo imani ya "kuotesha" ilipozaliwa. Kadhalika, nywele zinazong'oka kwenye paji la uso kwa sababu ya kusukwa kwa kukazwa mno hazitaponywa na mafuta. Dawa yake ni kulegeza misuko mapema, kabla vinyweleo havijafa.

Mba wa kichwani ni jambo jingine. Mba huhusiana na kuvu aina ya hamira inayoishi juu ya ngozi ya kila mtu. Kuvu hii haiwezi kujitengenezea asidi za mafuta inazohitaji, hivyo huzipata kwa kuvunja mafuta yaliyo kichwani. Mwenye mba anayejimiminia mafuta hadi kwenye ngozi aweza kuwa anamwandalia adui yake chakula. Ni kweli kwamba asidi ya lauriki ikiwa peke yake huua bakteria kadhaa katika maabara. Lakini ndani ya mafuta ya nazi asidi hiyo imefungwa kwenye gliseroli, na kichwa si chupa ya maabara.

Sasa tumfikie yule mvulana. Mabaka yake yalikuwa mapunye. Mapunye huletwa na kuvu zinazokula keratini yenyewe, nazo hujificha ndani ya kinyweleo na ndani ya unywele, mahali ambapo mafuta na hata marhamu haviwezi kuzimaliza. Huenea kwa kushirikiana vitana, kofia, taulo, mito na mashine za kunyolea. Mafuta hupunguza ukavu wa magamba, ugonjwa ukaonekana kama umetulia, kumbe unaendelea na kuwaambukiza wengine.

Dawa inayoufikia ugonjwa huu humezwa, ikapita katika damu na kuingia katika keratini inayojengwa. Mojawapo ni griseofulvini, iliyopatikana mwaka 1939 kutoka katika kuvu nyingine, na kuanza kutumika kwa mapunye ya binadamu mwaka 1958. Humezwa kwa majuma kadhaa, kwa kipimo anachotoa mganga, na haifai kuikatiza nywele zinapoanza kuonekana. Tena mwili huifyonza vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Kwa hiyo mgonjwa wa mapunye hufaidika na nazi akiila katika sahani ya wali kuliko akiipaka kichwani.

Mwalimu wa zamu alimpeleka kijana zahanati kesho yake, pamoja na jirani yake wa kitanda. Baadaye mwalimu aliniandikia kwamba wote wawili walipona. Mabaka mawili ya yule mvulana yaliota nywele. La tatu, lile lililokuwa limevimba, lilikuwa limetunga usaha na kuacha kovu. Hapo hapakuota tena. Miezi miwili ya mafuta haikumdhuru kwa sababu mafuta ni sumu, bali kwa sababu ilichukua nafasi ya dawa.

MAJARIBIO YA DARASANI

Jaribio la kwanza. Tia mafuta ya nazi katika neli ya kujaribia, yagandishe katika maji ya baridi, kisha yapashe moto polepole katika bakuli la maji huku ukisoma kipimajoto. Andika nyuzi yanapoanza kuyeyuka na yanapokuwa maangavu yote. Kwa nini hayayeyuki yote kwa nyuzi moja, kama barafu? (Fikiri juu ya mchanganyiko wa asidi.)

Jaribio la pili, lifanywe na mwalimu mahali penye hewa ya kutosha. Katika neli mbili tia kiasi sawa cha mafuta ya nazi na ya alizeti. Ongeza maji ya bromini tone kwa tone, ukitikisa kila mara. Hesabu matone yanayopotea rangi katika kila neli. Mafuta yapi yana viungo maradufu vingi zaidi?

Jaribio la tatu. Chukua mafungu matatu ya nywele safi za mtu mmoja, yenye uzito sawa. Moja lipake mafuta ya nazi, la pili ya alizeti, la tatu liache. Baada ya usiku mmoja yapime tena, yatumbukize katika maji kwa dakika 10, yakaushe juu juu kwa kitambaa, kisha upime uzito ulioongezeka. Jadilini: je, mizani yaweza kutofautisha maji yaliyoingia ndani na yaliyoshika juu?

MATUMIZI YANAYOFAA

Anayependa kutumia mafuta ya nazi na apake kiasi kidogo saa chache kabla ya kuosha nywele, hasa kwenye nyuzi na ncha, kisha achane kwa chanuo pana kuanzia nchani kuelekea shinani. Penye vidonda, magamba au mabaka asipake kitu; aende zahanati.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini unywele uliokatika hauwezi kuungwa na chakula wala mafuta.
2. Mafuta yaliyogandia Njombe yakayeyuka Tanga yamebadilika kikemia? Toa sababu.
3. Tangazo linasema: "Yamethibitishwa kisayansi kuotesha nywele." Taja mambo matatu ambayo ungetaka kujua kabla ya kuliamini.
4. Kwa nini dawa ya mapunye humezwa, ilhali ugonjwa uko kichwani?