Joto la Laptopu na Mwendo Wake Katika Linux

Ndugu mwanafunzi, wengi mmeuliza: mbona laptopu asubuhi ni nyepesi, ikifika adhuhuri inakuwa nzito, na wakati mwingine inajizima katikati ya kazi? Baadhi ya wazazi wamekwisha kuambiwa wanunue nyingine. Kabla hawajatoa fedha, tusome somo hili.

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Kila pigo hula umeme kidogo, na umeme huo huishia kuwa joto. Mwendo ukipanda sana, volteji nayo hupanda, na joto huongezeka kwa mraba wa volteji. Prosesa nyingi za laptopu za Intel zina kikomo cha karibu nyuzi 100 za Sentigredi. Zikikaribia hapo hujipunguzia mwendo zenyewe, na joto likizidi bado, mashine hujizima. Kwa hiyo uzito ule wa adhuhuri huenda si ugonjwa, bali ni kinga.

Kwanza pima. Fungua terminali, uandike:

cat /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp

Ukipata 58000, gawa kwa 1000, ni nyuzi 58. Katika mashine nyingine namba hiyo si ya prosesa, basi tumia amri ya sensors kutoka kifurushi cha lm-sensors.

Ikisoma 90 nawe huna kazi nzito, achana na amri. Zima mashine, safisha vumbi la feni. Mimi nilihangaika na amri wiki nzima, kumbe laptopu ilikuwa juu ya godoro, matundu ya hewa yamezibwa! Niliona haya.

Kisha tazama msimamizi wa mwendo:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor

Wasimamizi hawa wamo katika Linux tangu toleo la 2.6, Desemba 2003. Anayeitwa performance hutaka mwendo wa juu daima. Kwa powersave ndipo wengi hukosea. Chini ya kiendeshi cha acpi-cpufreq, huganda kwenye mwendo wa chini kabisa. Chini ya intel_pstate, kilichokuja mwaka 2013, kwa kawaida jina hilo hilo hupandisha na kushusha mwendo kwa kadiri ya kazi. Ukishauriwa kuweka powersave, soma kwanza faili la scaling_driver, liko pembeni ya hilo.

Kwa intel_pstate, mimi napendelea kuzima mwendo wa ziada uitwao turbo:

echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo

Ukiwa unachapa au kusoma, tofauti ni ndogo, na feni hutulia. Andika 0 kuurudisha. Hata ukisahau, ukizima na kuwasha upya mashine, hali ya awali hurejea.

Zoezi: pima joto asubuhi na adhuhuri kwa siku 3, kabla na baada ya kusafisha feni. Andika namba zote daftarini, uende nazo kwa fundi.